MTAKATIFU FRANSISKO XAVIER KATIKA VISIWA VYA MALUKU

1. Ujana wake

Fransisko alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Xavier, nchi ya Navarra, ambayo leo ni sehemu ya Hispania. Wazazi wake walikuwa wa ukoo mkubwa, lakini fahari yao haikudumu. Alipokuwa na miaka 9 baba yake alifariki, na mwaka uliofuata kuta za ngome yao zilibomolewa kwa sababu ya vita. Kwa hiyo Fransisko alikua akitamani jambo moja: kuirudisha heshima ya jamaa yake.

Mwaka 1525 akaenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, kusoma katika shule kubwa. Mwaka 1529 Inyasi wa Loyola akaja kukaa naye katika chumba kimoja. Inyasi alikuwa mtu mzima, askari wa zamani aliyejeruhiwa vitani, naye alikuwa amejitoa kwa Mungu. Alimkumbusha Fransisko daima kwamba heshima ya dunia hupita kama moshi. Fransisko alimkataa kwa muda mrefu, na mwisho moyo wake ukashindwa. Tarehe 15 Agosti 1534 Inyasi, Fransisko na wenzao 5 waliweka nadhiri mbele ya Mungu pale Montmartre. Ndio waliokuwa mwanzo wa Shirika la Yesu. Fransisko akapewa upadri huko Venezia tarehe 24 Juni 1537.

2. Wakristo wasio na mwalimu

Mfalme wa Ureno aliomba mapadri kwa ajili ya Uhindi. Aliyechaguliwa kwanza aliugua, ndipo Inyasi akamwita Fransisko. Siku moja tu ilimtosha kujitayarisha, akaondoka Roma mwezi wa Machi 1540. Tarehe 7 Aprili 1541, siku alipotimiza miaka 35, merikebu yake iliondoka Lisbon.

Alikaa miezi mingi katika kisiwa cha Msumbiji, akiwauguza wagonjwa wa merikebu, hata yeye mwenyewe akashikwa na homa kali. Kisha akapita Malindi, katika pwani ya Kenya ya leo, akafika kisiwa cha Sokotra.

Kisiwa ni nchi iliyozungukwa na maji pande zote, kama Idjwi katika ziwa Kivu. Huko Sokotra Fransisko alikuta watu waliojivuna kuitwa Wakristo, wakisema kwamba imani yao ilitoka kwa mtume Toma. Walikuwa na makanisa na misalaba, nao walikusanyika kusali mara 4 kwa siku. Lakini hawakuwa na padri, hawakujua kusoma, na maneno ya sala zao yalikuwa ya lugha wasiyoifahamu tena. Walimsihi Fransisko akae nao. Alibatiza watoto wengi, naye mwenyewe alitaka sana kubaki, lakini gavana aliyesafiri naye alimkataza. Basi akaondoka kwa huzuni, akafika Goa katika Uhindi tarehe 6 Mei 1542.

3. Lugha ya masoko

Baada ya kufundisha miaka kadhaa miongoni mwa wavuvi wa Uhindi, Fransisko alifika Malaka mwaka 1545. Malaka ni mji wa bandari katika nchi iitwayo leo Malaysia. Hapo alipata habari za visiwa vya Maluku, mbali sana upande wa mashariki. Wafanyabiashara walivitafuta visiwa hivyo kwa ajili ya karafuu. Fransisko alisikia habari nyingine: kwamba huko pia walikuwako watu waliobatizwa na kuachwa bila mwalimu.

Katika Maluku kila kisiwa kilikuwa na lugha yake, hata vijiji vya jirani hawakusikilizana. Lakini wengi walifahamu Kimalayu, kwa sababu kilikuwa lugha ya masoko na ya safari, kama Kiswahili kilivyo lugha ya makabila mengi upande huu wa Afrika. Basi Fransisko akaketi na watu waliokijua Kimalayu, wakatafsiri pamoja Nasadiki na maelezo yake, Baba Yetu, Salamu Maria, Salamu Malkia, sala ya maungamo na Amri za Mungu. Kazi hiyo ilimchosha sana, kwa maana hakuizoea lugha ile. Akayajifunza yote kwa moyo neno kwa neno, hata aweze kuyafundisha popote.

Tarehe 1 Januari 1546 aliondoka Malaka kwa merikebu, pasipo padri mwenzake. Tarehe 14 Februari alifika kisiwa cha Ambon. Kulikuwa na vijiji 7 vya Wakristo. Alikwenda kijiji kwa kijiji, akawaona wagonjwa, akawakusanya watoto, akawabatiza wadogo ambao hawakupata Ubatizo. Wengi wao walikufa muda mfupi baadaye, naye alimshukuru Mungu aliyemleta kabla ya siku hiyo. Ndipo zikafika merikebu zenye askari wengi wagonjwa, nao Fransisko akawahudumia na kuwaungamisha, akisahau kupumzika.

4. Nyimbo za Ternate

Kutoka Ambon alivuka mpaka Ternate, kisiwa kilichokuwa na ngome ya Wareno. Hapo alifundisha kila siku kwa njia ya kuimba, kwa sababu maneno yanayoimbwa hayasahauliki upesi. Baada ya muda vijana barabarani, wanawake nyumbani mwao, wakulima mashambani na wavuvi baharini waliacha nyimbo za upuzi. Waliimba Nasadiki, Baba Yetu, Salamu Maria na Amri za Mungu, mchana na usiku. Basi mvuvi mmoja katika mashua yake akawa mwalimu wa wenzake, ingawa hakujua kusoma.

5. Hatari ya Moro

Mbele ya Ternate zilikuwako nchi za Moro, yaani pwani ya kisiwa kikubwa cha Halmahera pamoja na Morotai na visiwa vidogo vya karibu. Watu wengi wa huko walikuwa wamebatizwa, lakini padri wao aliuawa, na kwa karibu miaka 10 hakuna aliyethubutu kwenda mahali pake. Ilisemekana kwamba huko watu huuana kwa sumu, wakiitia katika chakula na kinywaji.

Fransisko aliposema kwamba atakwenda, rafiki zake wa Ternate walimsihi kwa machozi. Walimwambia kwamba akifa wengi watakosa msaada wake. Maneno yao hayakuwa ya upumbavu, maana hatari ilikuwa ya kweli. Lakini Fransisko aliwafikiri watoto waliokuwa wakifa bila Ubatizo na wazee waliokuwa wakizisahau sala zao. Aliona kwamba imempasa kuhatarisha maisha ya mwili wake kwa ajili ya uzima wa roho zao. Waliposhindwa kumzuia, rafiki zake walimletea dawa nyingi za kushinda sumu. Aliwashukuru kwa upendo wao, wala hakuzipokea. Aliogopa kwamba kwa kubeba dawa hizo angebeba na hofu, na kumtumainia Mungu kungepungua moyoni mwake. Akawaomba wamwombee tu.

Akaenda mwaka 1546, akakaa miezi 3. Alivuka bahari na kupanda milima, akavifikia vijiji vyote vya Wakristo. Nchi ile ina milima ya moto, kama Nyiragongo na Nyamulagira. Siku ya Mtakatifu Mikaeli, alipokuwa akisoma Misa, ardhi ilitetemeka kwa nguvu hata akaogopa altare isianguke. Chakula kilikuwa haba, na maji mazuri ya kunywa yalipatikana kwa shida. Lakini baadaye aliwaandikia ndugu zake kwamba hakumbuki mahali pengine alipopata furaha kubwa kama hiyo rohoni. Visiwa ambavyo wengine waliviogopa, yeye aliona afadhali viitwe visiwa vya kumtumainia Mungu. Hakuna aliyempa sumu.

6. Kazi aliyoiacha

Fransisko hakutaka Wakristo wale waachwe tena kama zamani. Alipoondoka Ternate mwaka 1547, padri wa mahali pale aliahidi kufundisha kila siku kama yeye alivyofanya. Tena ndugu wa shirika lake walitumwa Maluku kuiendeleza kazi. Usiku wa kuondoka alitaka kupanda merikebu kimya, ili watu wasilie. Lakini walijua, wakaja pwani kumlilia.

Tarehe 15 Agosti 1549 alifika Japani, akafundisha huko miaka 2 na zaidi. Kisha akatamani kuingia China, ambayo milango yake ilifungwa kwa wageni. Akafika kisiwa kidogo cha Shangchuan, karibu na pwani yake, akaingoja mashua ya kumvusha. Mashua haikuja. Homa ilimshika, akalala katika kibanda, akiuguzwa na kijana Mchina aitwaye Antonio. Huko alikufa alfajiri ya tarehe 3 Desemba 1552, akiwa na miaka 46.

Papa Gregorio XV alimtangaza mtakatifu tarehe 12 Machi 1622, pamoja na rafiki yake Inyasi. Mwaka 1927 Papa Pio XI alimweka pamoja na Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu kuwa wasimamizi wa misioni. Wakatoliki wangaliko Maluku, nao wana jimbo lao la Amboina. Sikukuu yake ni tarehe 3 Desemba.

Wakatekumeni wapenzi, watu wa Sokotra walishika sala wasizozifahamu. Wavuvi wa Ternate waliimba sala walizofundishwa maana yake. Anayejifunza Nasadiki aulize maana ya kila neno, kisha aifundishe nyumbani mwake. Kwa njia hiyo, hata padri akiwa mbali, kijiji hakitakosa mwalimu.