Levina na Ukuta wa Mzee Punch

Levina Mukasa alikuwa mwaka wa kwanza pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Enzi hizo alikuwepo Mzee Punch: wanafunzi wa kiume waliojificha nyuma ya jina hilo, wakibandika ukutani michoro na matusi. Zamani Punch alikuwa akiwakejeli wakubwa, baadaye akawageukia mabinti. Kosa la Levina? Alikataa kutongozwa. Wakamwandama mpaka tarehe 7 Februari 1990, alipojitoa uhai.

Mimi wanaoniuma zaidi ni wasomaji. Waliobandika walikuwa wachache. Waliosimama wakasoma, kisha wakaenda zao darasani, walikuwa wengi. Leo ukuta wenyewe ni grupu la WhatsApp, na wewe umo.

TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, kilipaza sauti, Punch akapigwa marufuku. Sheria ya makosa ya kujamiiana ilikuja 1998, miaka minane baadaye!

Sasa niko Kiwangwa kwa mazoezi ya kufundisha, huku kwenye mananasi. Mabinti wa kidato cha nne wananiuliza kama chuo ni salama. Nimewasimulia habari za Levina, nikawaambia wakifika tu waulize dawati la jinsia liko wapi, kabla hawajalihitaji.