Petro na Moto wa Makaa



Vijana wenzangu, leo nataka kuwasimulia maisha ya mtu mnayemjua wote. Jina lake liko kwenye parokia zetu na kwenye vyeti vya ubatizo vya babu zetu, na kila tarehe 29 Juni tunamwadhimisha pamoja na Mtume Paulo. Ni Simoni Petro. Tumezoea kumwona kwenye sanamu ameshika funguo, ndevu zimechanwa vizuri, uso umetulia. Shida ya sanamu ni kwamba inatuonyesha mtu alivyomaliza safari. Haituonyeshi alivyoteleza njiani. Mimi nilimhitaji Petro wa njiani, na nitawaambia kwa nini.

Likizo iliyopita nilialikwa kwenye sherehe ya rafiki yangu. Usiku tukakaa vijana kama sita kuzunguka jiko la mkaa, nyama inachomwa, stori zinaenda. Wawili nilisoma nao sekondari, wengine nilikuwa siwajui. Mmoja wao akaanza kuwacheka watu wanaopoteza ujana wao kwa kutaka upadre. Tukacheka wote, na mimi nikiwemo. Kisha akanigeukia akaniuliza ninafanya nini maishani. Nikamjibu kwamba nimemaliza shahada ya falsafa na sasa natafuta kazi ya kufundisha. Sehemu ya kwanza ilikuwa kweli. Ya pili niliitunga palepale. Neno seminari halikutoka mdomoni mwangu. Wale wawili waliosoma nami walinitazama, halafu wakainamisha macho kwenye nyama.

Niliporudi seminarini nilikaa wiki tatu bila kuungama. Nilijiambia kwamba mtu anayeshindwa na swali dogo la kwenye jiko la mkaa hawezi kusimama altareni. Nikaanza hata kuandika barua ya kuomba kuondoka. Hatimaye nikamweleza mlezi wangu wa kiroho. Hakunihubiria. Alinipa kazi tu: nisome Injili ya Yohane sura ya 18 na sura ya 21, nitafute kitu kinachoonekana katika sura zote mbili. Jibu nitalitoa mbele. Tuanze na mvuvi mwenyewe.

Mvuvi wa Kafarnaumu

Simoni alikuwa mtu wa Bethsaida, lakini alipomfuata Yesu alikuwa na nyumba Kafarnaumu, kwenye ufukwe wa kaskazini wa Ziwa la Galilaya. Alikuwa na mke. Tunalijua hilo kwa sababu Yesu alimponya mama mkwe wake homa, na yule mama akainuka na kuwahudumia wageni. Aliyempeleka kwa Yesu ni ndugu yake Andrea, ambaye awali alikuwa mfuasi wa Yohane Mbatizaji.

Ziwa lenyewe si kubwa, lina urefu wa kilomita kama 21 na upana wa kilomita 13 hivi. Mwaka 1986, maji yalipopungua kwa ukame, mashua ya zamani ilionekana kwenye tope la ufukwe, na wataalamu wakagundua ni ya nyakati zile za Yesu. Urefu wake ni mita nane na ushee. Simoni alitafuta riziki ndani ya chombo cha namna hiyo.

Luka anatusimulia asubuhi moja ambapo Simoni na wenzake walikuwa wanaosha nyavu baada ya kukesha bila kupata kitu. Yesu akaomba mashua yake aitumie kama mimbari. Alipomaliza kufundisha akamwambia aende kilindini akashushe nyavu. Hebu fikiria: mtoto wa seremala anamwelekeza mvuvi mahali pa kuvua, tena mchana, wakati usiku mzima umeshindikana. Simoni akasema wazi kwamba wamehangaika bure, lakini akatii. Samaki wakajaa mpaka mashua mbili zikataka kuzama.

Mtu mwingine angeanza kupiga hesabu za faida. Simoni alipiga magoti, akamwomba Bwana aondoke kwake kwa kuwa yeye ni mwenye dhambi. Angalieni Yesu alivyofanya. Hakumwambia Simoni kwamba anakosea, kwamba yeye ni mtu safi tu. Wala hakuondoka. Alimtuliza hofu, akampa kazi mpya. Yaani Petro aliitwa huku dhambi yake ikiwa imeshatajwa mezani. Sisi wengi tunadhani wito wetu utavunjika siku Mungu atakapotujua vizuri. Kumbe alishatujua kabla hajatuita.

Aliyetoka kwenye mashua

Yesu alimpa jina jipya, Kefa, neno la Kiaramu lenye maana ya mwamba. Kwa Kigiriki likawa Petro. Jina lilikuja mapema, sifa zikafuata taratibu sana.

Mathayo anaeleza usiku wa dhoruba, katika zamu ya nne, yaani kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Yesu anakuja akitembea juu ya maji. Petro anaomba kumwendea, anaitwa, anatoka, anatembea. Kisha anautazama upepo na kuanza kuzama. Tunapenda kumcheka hapa, lakini jamani, wale kumi na mmoja hawakuzama kwa sababu hawakutoka! Sala yake wakati ule ilikuwa fupi kuliko sala zote, kilio cha mtu anayeomba kuokolewa. Na Yesu alinyosha mkono kwanza. Swali kuhusu mashaka yake lilikuja baada ya kushikwa. Ukiwa unazama leo, usingoje kwanza upate majibu ya maswali yako yote ya imani ndipo uombe msaada.

Sura ya 16 ya Mathayo inatuonyesha Petro mzima. Huko Kaisaria Filipi anamkiri Yesu kuwa ndiye Masiha, Mwana wa Mungu aliye hai, naye anaahidiwa funguo za Ufalme. Mistari michache tu baadaye Yesu anaanza kusema habari za mateso, Petro anamvuta kando na kumkataza, na anakaripiwa kwa ukali hata anaitwa kwa jina la Shetani. Vyote viwili katika sura moja. Alimpenda Yesu kweli, ila alitaka kumpenda bila msalaba, na kwa nguvu zake mwenyewe.

Usiku wa uani

Kwenye Karamu ya Mwisho Petro aliahidi kwamba hata wote wakikimbia, yeye atakufa pamoja na Bwana. Mimi siamini kwamba alikuwa anadanganya. Pale Gethsemane, baada ya kushindwa kukesha, alichomoa upanga na kumkata sikio Malko, mtumishi wa Kuhani Mkuu, mbele ya kundi lenye silaha. Huyo si mtu mwoga.

Lakini saa chache baadaye, uani kwa Kuhani Mkuu, aliangushwa na swali la mjakazi. Aliyethubutu mbele ya mapanga hakuthubutu mbele ya macho ya watu waliokuwa wanaota moto. Mara tatu akakana. Akataka kujificha, ila lafudhi yake ya Kigalilaya ikamtoa hadharani. Jogoo akawika. Luka anaongeza jambo ambalo wengine hawakuliandika: Bwana aligeuka akamtazama. Petro akatoka nje, akalia sana.

Katika falsafa nilijifunza kwa Aristotle kwamba fadhila hujengwa kwa mazoea: mtu huwa jasiri kwa kutenda matendo ya kijasiri. Nakubaliana naye. Lakini hakunieleza nifanye nini usiku ule ambapo mazoea yangu yote yamevunjika. Kwa hilo nilimhitaji Petro.

Katika saa zilezile mtume mwingine pia alianguka. Yuda naye alijuta, hilo tusilisahau. Alirudisha vile vipande 30 vya fedha, akakiri kwamba ametenda dhambi. Ila alikiri kwa watu waliomwambia hayo ni mambo yake mwenyewe, akaondoka nayo peke yake mpaka yakamwua. Hukumu yake ni ya Mungu, si yangu. Ninachokiona ni tofauti ya mahali ambapo kila mmoja alikwenda na aibu yake. Asubuhi ya Ufufuko, Maria Magdalena alipotafuta mtu wa kumpa habari, alijua pa kumpata Petro. Marko anasema hata ujumbe wa kaburini ulimtaja Petro kwa jina. Alikuwa bado karibu na wenzake. Hakuwa na la kujitetea, lakini hakukimbilia gizani.

Asubuhi ya ufukweni

Sasa ile kazi niliyopewa. Yohane 21: Petro anakwenda kuvua na wenzake sita, usiku mzima hawapati kitu. Alfajiri mtu aliyesimama ufukweni anawaelekeza washushe wavu upande wa kuume, na wanapata samaki wakubwa 153. Petro anaposikia kwamba ni Bwana, anajitupa majini. Anafika nchi kavu na anakuta samaki na mkate juu ya moto wa makaa.

Hilo ndilo jibu. Moto wa makaa. Petro alimkana Yesu akiwa anaota moto wa makaa, na sasa Yesu amewasha moto wa makaa. Neno la Kigiriki analotumia Yohane, *anthrakia*, linaonekana mara mbili tu katika Agano Jipya lote, na ni katika sura hizi mbili.

Nilipoliona nilifunga Biblia nikakaa kimya muda mrefu. Bwana alimrudisha Petro kwenye harufu ileile ya moshi, wala hakufanya hivyo kumfedhehesha. Alimpikia kifungua kinywa. Baada ya kula akamwuliza mara tatu kama anampenda, mara moja kwa kila kukana. Hakumwuliza kwa nini alikana. Na Petro, aliyezoea kujilinganisha na wengine, safari hii hakusema anampenda kuliko wenzake. Alijibu tu kwamba Bwana anajua. Kila alipojibu alikabidhiwa kundi.

Uoga uleule

Siku ya Pentekoste Petro alisimama mbele ya umati wa Yerusalemu, na watu kama 3,000 wakabatizwa. Baadaye akaingia nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi, akafungua mlango wa Kanisa kwa watu wa mataifa. Hadithi ingeweza kuishia hapo vizuri.

Haikuishia hapo. Paulo, katika Waraka kwa Wagalatia, anasimulia kwamba huko Antiokia Petro alikuwa anakula pamoja na Wakristo wasio Wayahudi, lakini watu fulani walipofika kutoka Yerusalemu akajitenga nao kwa kuogopa. Paulo akampinga mbele ya wote. Mnauona? Ni uoga uleule wa uani: watu watanionaje? Na hii ni baada ya kumpokea Roho Mtakatifu. Neema haikumfanya Petro mtu mwingine asiye na udhaifu wake. Ilimfundisha kukosolewa, kuinuka na kuendelea. Barua ya Pili ya Petro inamtaja Paulo kuwa ndugu mpendwa.

Mwisho wake ulikuwa Roma, chini ya Kaisari Nero, katika mateso yaliyofuata moto mkubwa wa mwaka 64. Mapokeo yanasema alisulubiwa kichwa chini, kwa kuwa alijiona hastahili kufa kama Bwana wake, akazikwa kwenye kilima cha Vatikano. Mwaka 1968 Papa Paulo VI alitangaza kwamba mifupa iliyopatikana chini ya Basilika imetambuliwa, kwa namna inayoridhisha, kuwa ya Mtume Petro. Aliyeogopa kutambuliwa na mjakazi alikufa mbele ya mji mzima kama mtu wa Yesu.

Na sisi je?

Ile barua yangu niliichana. Niliungama siku hiyohiyo. Kisha nikampigia simu mmoja wa wale wawili niliosoma nao, nikamwomba radhi kwa kumfanya shahidi wa uongo wangu. Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia kwamba usiku ule alikuwa anangoja niseme ukweli, ili naye apate nguvu ya kusema kwamba anaimba kwaya parokiani. Maneno hayo yaliniuma kuliko kitubio nilichopewa. Nilikuwa nadhani kukana kwangu ni jambo kati yangu na Mungu tu.

Kijana mwenzangu, labda na wewe una moto wako wa makaa: mahali, kundi la marafiki, au usiku mmoja ambao hutaki kuukumbuka. Labda umeacha kwenda kuungama kwa sababu unaona aibu kurudia dhambi ileile kwa padre yuleyule. Usikae nayo peke yako. Jumamosi hii nenda kwenye kitubio. Kabla ya kwenda, soma Yohane 21 polepole, ujiweke pale ufukweni, usikie swali lile likiulizwa kwako.

Tusali: Bwana Yesu, wewe unayajua maneno niliyoyaficha na marafiki niliowaangusha kwa ukimya wangu. Unitazame kama ulivyomtazama Petro. Unirudishe pale nilipoanguka, na unipe kazi ya kufanya kwa ajili ya ndugu zangu. Amina.

Mtakatifu Petro Mtume, utuombee.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri