C.S. Lewis: Kapera wa Oxford aliyepata mwenza jua likielekea kuchwa

ALIKUWA na umri wa miaka 57, hajawahi kuoa, na wengi waliomfahamu walikwisha kuamini kuwa angezikwa kapera. Clive Staples Lewis, mwandishi wa hadithi za Narnia, alikuwa na vitabu vyake, kiko chake, kaka yake Warren aliyeishi naye, na marafiki wa kubishana nao mambo ya fasihi na dini. Kwa macho ya watu, hakupungukiwa na kitu.

Lakini Aprili 23, 1956, msomi huyo aliingia katika ofisi ya msajili wa ndoa mjini Oxford, Uingereza, akafunga ndoa na Joy Davidman, mshairi wa Kimarekani mwenye asili ya Kiyahudi, mtalaka na mama wa watoto wawili wa kiume. Kisa chao ndicho kilichozaa filamu ya Shadowlands ya mwaka 1993, iliyoongozwa na Richard Attenborough, ambamo Anthony Hopkins aliigiza kama Lewis na Debra Winger kama Joy.

Lewis alizaliwa Novemba 29, 1898, mjini Belfast. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, mama yake alifariki dunia kwa saratani, na majuma machache baadaye baba yake akampeleka shule ya bweni nchini Uingereza. Mtoto aliyempoteza mama na nyumba kwa mkupuo mmoja alikua akiwa mtu wa vitabu zaidi kuliko mtu wa kufungua moyo.

Alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza na kujeruhiwa nchini Ufaransa mwaka 1918. Aliporejea alimtunza mama wa rafiki yake aliyeuawa vitani, akaishi naye kwa karibu miaka 30. Mwaka 1925 alianza kufundisha katika Chuo cha Magdalen, Oxford. Aliyekuwa haamini Mungu akageuka Mkristo, na mwaka 1940 akachapisha The Problem of Pain, kitabu kinachoeleza kwa nini Mungu mwema huruhusu binadamu ateseke. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, sauti yake ilisikika katika redio ya BBC akifafanua imani yake kwa taifa zima.

Mwaka 1950, ndio kwanza kitabu cha kwanza cha Narnia kikielekea kutoka, alipokea barua kutoka Marekani. Mwandishi wake, Joy Davidman, alizaliwa New York mwaka 1915 na aliwahi kuwa mkomunisti kabla ya kuingia Ukristo. Barua zilifuatana, na mwaka 1952 wakaonana ana kwa ana. Lewis, aliyezoea kushinda kila mjadala, alikuwa amempata mtu asiyemwogopa. Joy alipotengana na mumewe alihamia Uingereza na wanawe, David na Douglas.

Ndoa ile ya kwa msajili haikuwa ya mahaba. Serikali ya Uingereza haikutaka kumwongezea Joy kibali cha kuishi nchini, na Lewis akampa jina lake ili asifukuzwe. Kila mmoja akabaki nyumbani kwake, na ni wachache walioambiwa.

Miezi sita baadaye, Joy alianguka na kuvunjika mfupa wa paja. Madaktari waligundua kuwa saratani ilikuwa imekwishaula mfupa huo. Hapo ndipo Lewis alipotambua kwamba aliyemwita rafiki alikuwa mpenzi. Akaomba ndoa ya kanisani, ikawa vigumu kwa sababu Joy alikuwa mtalaka. Hatimaye padri mmoja, Peter Bide, aliyekuja kumwombea mgonjwa, alikubali kuwafungisha ndoa. Ilikuwa Machi 21, 1957, bibi harusi akiwa amelala kitandani hospitalini.

Joy alipelekwa nyumbani kwa Lewis akisubiriwa kufa. Badala yake alipata nafuu, akatembea tena. Mwaka 1958 walisafiri pamoja hadi Ireland, na Aprili 1960, ugonjwa ukiwa umekwisha kurudi, wakaenda Ugiriki. Joy alifariki dunia Julai 13, 1960, akiwa na umri wa miaka 45.

Mtu aliyeandika juu ya maumivu kwa utulivu sasa aliandika akiwa ndani yake. Katika daftari alimwaga hasira, shaka na hata malalamiko dhidi ya Mungu. Maandishi hayo yalichapishwa mwaka 1961 kama kitabu, A Grief Observed, chini ya jina la kubuni la N. W. Clerk. Imani yake haikufa, ila haikuzungumza tena kwa wepesi ule wa awali.

Filamu ilibadili baadhi ya mambo. Kwa mfano, inamwonyesha Joy akiwa na mtoto mmoja tu. Hata hivyo, kiini chake ni kweli, na Winger aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Lewis aliendelea kuwalea vijana wale hadi alipofariki dunia Novemba 22, 1963, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 65. Ilikuwa siku ileile aliyouawa Rais John F. Kennedy wa Marekani, na kifo chake kikapita karibu kimya.

Tangu harusi ile ya hospitalini hadi mazishi, wawili hao walipata miaka mitatu na miezi michache. Lewis hakudanganywa na yeyote. Saratani iliyomchukua mama yake aliijua tangu utotoni, na aliiona tena kando ya kitanda kile alipoweka nadhiri. Aliiweka hata hivyo.