Friedrich von Bodelschwingh, Mchungaji wa Wenye Kifafa

Dominika moja, tukiwa Kashai kwa utume wa mwisho wa juma, kijana mmoja alianguka kifafa wakati wa matoleo. Benchi lake likabaki tupu mara moja. Sisi mafrateri tulikuwa karibu kuliko wote na hatukumgusa. Tulisimama tukitazama, tukiogopa yale mate ambayo tangu utotoni tuliambiwa yanaambukiza. Mama mmoja muuza dagaa akatoka nyuma, akamlaza ubavu, akamwekea kanga chini ya kichwa, akaketi naye sakafuni mpaka alipozinduka.

Tulirudi seminarini na aibu yetu. Tukaanza kutafuta habari za watu waliowahi kuketi sakafuni namna ile, na mmoja wao akatufikisha kwa mchungaji wa Kilutheri. Wapo watakaotuuliza kama watakatifu wetu wamekwisha. Hawajaisha, ila huyu alama zake zipo hapa kwetu.

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Tecklenburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa waziri wa mfalme wa Prussia, na utotoni Friedrich alicheza na mwana wa mfalme aliyekuja kuwa Kaisari Friedrich III. Njia ya ukubwa ilikuwa wazi mbele yake. Yeye alijifunza kilimo, kisha akasoma teolojia, na kuanzia mwaka 1858 akawa mchungaji wa Wajerumani maskini waliofagia mitaa ya Paris. Mwaka 1864 alihamia katika parokia ya kijijini, Dellwig.

Yeye na mkewe Ida walikuwa na watoto wanne. Januari 1869, katika muda wa wiki mbili, wote wanne walikufa kwa maradhi. Tulipofika hapo tulinyamaza kidogo. Falsafa tunayosoma ina mengi juu ya mateso, lakini haikutupa neno la kumwambia mtu aliyerudi kutoka makaburini mara nne katika mwezi mmoja. Baadaye walipata watoto wengine wanne.

Mwaka 1872 aliitwa karibu na mji wa Bielefeld kusimamia nyumba ya wenye kifafa iliyofunguliwa mwaka 1867, iliyokuja kujulikana kama Betheli. Wakati ule bromidi ilipunguza kuanguka kwa baadhi ya wagonjwa, lakini haikuponya, tena iliwafanya wazubae. Shule ziliwakataa, waajiri waliwafukuza, na wengi walikuwa wamefichwa vyumbani. Sasa, muuguzi afanye nini kwa mgonjwa asiyeweza kumponya?

Jibu la Bodelschwingh lilikuwa nyumba na kazi. Hakutaka jengo moja kubwa la kuwafungia watu. Alijenga nyumba nyingi ambamo wagonjwa waliishi kama familia pamoja na wanaowauguza. Kulikuwa na bustani, mashamba, karakana na kiwanda cha matofali. Aliyeanguka aliinuliwa, akapumzika, kisha akarudi kwenye kazi yake. Masista wa Sarepta waliuguza, na mwaka 1877 ikaanzishwa jumuiya ya wanaume, mashemasi wa Nazareti. Hawa si mashemasi wa daraja kama wetu: walikuwa walei waliofundishwa kuosha, kulisha na kukesha. Wagonjwa wa akili na wenye ulemavu wa akili nao walipokelewa. Mwaka 1882 alianzisha makazi ya Wilhelmsdorf kwa ajili ya watu waliozurura bila kazi.

Hatutaki kumpamba. Alikuwa mtu wa Kaisari, na ukoloni aliuona kama mlango wa Injili bila kuuliza waliobishiwa hodi walisemaje. Lakini kupitia mlango huo wamisionari wake walifika Usambara mwaka 1891, wakaanza Mlalo. Mwaka 1896 huko Lutindi, katika milima hiyohiyo, ilijengwa nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wale walipokua na nyumba kubaki na nafasi, mwaka 1904 ilianza kupokea wagonjwa wa akili, ikihesabiwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki. Utaratibu ulikuwa ule wa Betheli: kuishi pamoja na kulima pamoja. Hospitali ya Lutindi ipo mpaka leo.

Mwaka 1903, akiwa na miaka 72, alichaguliwa kuingia bunge la Prussia, akawatetea wasio na makazi. Alifariki tarehe 2 Aprili 1910, na mwanawe Friedrich akashika kazi ya Betheli. Mwaka huohuo wamisionari wa Betheli walianza kazi Bukoba, miaka 18 baada ya mapadre wetu wa Shirika la White Fathers kufika Kashozi.

Tuliporudi Kashai tulimkuta kijana yule kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, peke yake. Mmoja wetu akaketi naye. Baada ya Misa tulimtafuta yule mama, naye akatufundisha bila kutucheka: msimshike kwa nguvu, msimtie kijiko mdomoni, ondoeni vyenye ncha, mlazeni ubavu, na asipozinduka kwa dakika tano apelekwe hospitali. Yeye amejifunza kwa mtoto wake. Dawa ana miadi ya kuzichukua kila mwezi, akasema, na nauli ndiyo inayosumbua.