MAISHA YA KAPITENI SPICER-SIMSON

Leo tunaangalia maisha ya Geoffrey Spicer-Simson, Mwingereza aliyepigana vita kwenye Ziwa Tanganyika, tupate fundisho juu ya majivuno.

Alizaliwa Hobart, Tasmania, mwaka 1876, akaingia jeshi la majini angali kijana. Alipenda kujisifu, lakini kazi yake ilijaa makosa. Mwaka 1905 alibuni njia ya kutafuta nyambizi, yaani meli ziendazo chini ya maji, kwa kamba iliyovutwa na meli mbili. Nusura azamishe nyambizi ya jeshi lake mwenyewe. Tarehe 11 Novemba 1914 nyambizi ya Wadachi, U-12, ilizamisha Niger, mojawapo ya meli alizozisimamia, naye yuko hotelini pwani. Wakubwa wakamweka ofisini.

Mwaka 1915 Wadachi walitawala Tanganyika kwa meli zao. Spicer-Simson akatumwa na mashua mbili za mota, Mimi na Toutou. Kutoka Cape Town zilipanda gari la moshi, zikapita Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka Fungurume. Hapo reli iliishia. Mashine za mvuke, ng'ombe na mamia ya watu weusi wakazivuta juu ya milima ya Mitumba. Watu wetu ndio waliokata miti, wakafungua njia na kujenga madaraja. Kisha zikashuka Lualaba, mto huuhuu ufikao kwetu Kisangani, hadi Kabalo, na kwa reli tena hadi Lukuga, karibu na Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915 aliteka meli Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 alizamisha Hedwig von Wissmann. Akapewa nishani, na majivuno yakazidi. Alitembea amevaa sketi ya kaki, mwilini ana chale za nyoka. Lakini meli kubwa, Graf von Götzen, ilipotokea, hakuthubutu kuifuata. Mwezi wa Juni, huko Bismarckburg, hakuingia bandarini, na Wadachi wakatoroka kwa mashua. Akaugua, akarudishwa Ulaya, wala hakupewa tena meli za kupigana. Baadaye alifanya kazi Monaco, katika ofisi ya mataifa ya ramani za bahari. Alikufa Kanada mwaka 1947.

Ndugu zangu, jina la kapiteni limo vitabuni. Majina ya wale waliovuta kamba milimani hayakuandikwa, na bila wao Mimi na Toutou zisingeona ziwa. Hata kanisani tunamjua anayekaa mbele, tunamsahau mama anayechota maji na kijana anayebeba matofali ya hekalu. Mungu hawasahau. Tusijivunie kazi iliyobebwa na mabega ya wengine. Tuwashukuru wangali hai.

Amina.

Shemasi wenu