Mtoro wa Bagamoyo na uhuru wa Berlin

Kwetu Nyarubungo ukitaja Wajerumani, watu wanakumbuka boma la Biharamulo, kazi za shuruti na viboko. Sasa nimefika chuoni, na kwenye kozi ya falsafa nakutana na Wajerumani wengine kabisa. Kuna Kant, anayekataza binadamu kutumiwa kama chombo tu. Kuna Hegel, anayeiona historia nzima kuwa safari ya kuelekea uhuru. Kuna Schiller na shairi lake la furaha na udugu, ambalo Beethoven alilitia katika simfoni yake ya 9 mwaka 1824. Nikajiuliza: hawa na wale wa boma walikuwa ndugu kweli?

Aliyenipa mwanga ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Wanaosoma Kiswahili wanamjua kwa kile kitabu cha desturi za Waswahili, kilichotoka mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten. Waliochangia ni wengi, ila sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro.

Alizaliwa karibu na Bagamoyo mnamo 1869, akasoma elimu ya dini, na kuna wakati aliwakusanyia Wajerumani kodi. (Ndiyo, tusimfanye malaika.) Mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili katika taasisi iliyokuwa chini ya chuo kikuu kilekile alichofundisha Hegel. Wanafunzi wake wengi walikuwa wakijiandaa kwenda kutawala huku kwetu. Fikiria wewe uko mbele ya darasa, unamfundisha mtu salamu zenu, naye kesho anakwenda kumwamrisha mjomba wako.

Katika kitabu kile kuna habari za watumwa na waungwana. Kwa watu wa pwani, muungwana ni mtu huru, na papo hapo ni mtu mwenye adabu. Neno ni moja. Nadhani Mtoro alikwenda na kipimo hicho Berlin. Alidai heshima ya mwalimu, mambo yakaharibika, kazi ikaisha.

Mwaka 1904 alimuoa Bertha Hilske, Mjerumani, mfanyakazi wa kiwandani. Ndoa ilikuwa halali kwa sheria ya huko. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja kwao Mtoro. Serikali ya koloni ikakataa: mweusi na mke mzungu wasiishi hapa. Wakarudishwa Ujerumani. Gavana wakati huo alikuwa von Götzen, ambaye sisi wa Kagera tunamfahamu: ndiye aliyevuka mto pale Rusumo, Ngara, mwaka 1894 akielekea Rwanda.

Hapo ndipo niliacha kuwatetea wanafalsafa wangu harakaharaka. Sheria iliyomruhusu Mtoro kuoa Berlin ilikoma baharini. Na utumwa wenyewe, Wajerumani hawakuufuta moja kwa moja katika koloni lao. Uliondolewa na Waingereza mwaka 1922. Lakini Kant simtupi pia, maana hoja yake ndiyo ninayoitumia kumhukumu von Götzen.

Mtoro baadaye alifundisha Hamburg, kwa Carl Meinhof, kisha akaishi kwa kutoa mihadhara kuhusu Afrika. Alifia Berlin mwaka 1927. Likizo iliyopita nilipita tena Biharamulo, nikasimama mbele ya boma na kile kitabu mkononi. Mlinzi akaniuliza kama nataka chumba.