Mwalimu Nyerere: Mshahara na Moyo wa Kazi

Mtahiniwa, kabla ya kusoma wasifu huu, fikiria mashamba mawili ya mahindi pale Gitting, chini ya Mlima Hanang. La kwanza linapaliliwa na kibarua anayelipwa kwa siku. La pili linapaliliwa na mwenyewe. Kibarua hutazama jua, mwenye shamba hutazama magugu. Malipo, posho, cheo na zawadi huitwa motisha ya nje. Ari inayotoka moyoni mwa mfanyakazi huitwa motisha ya ndani. Shika picha hiyo; tutairudia.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952. Aliporudi alifundisha shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Kwa Mwafrika wa wakati ule, kazi hiyo ilikuwa na heshima na mshahara wa uhakika.

Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akawa rais wake. Mwaka 1955 ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa. Aliacha ualimu, ingawa alikuwa na familia changa na chama hakikuwa na fedha. Mwaka 1957 aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, akajiuzulu baada ya miezi michache kwa kuona hoja zake hazisikilizwi. Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu ili aimarishe chama. Unaona kwamba mara tatu aliacha cheo kwa ajili ya kazi aliyoiamini.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam. Walipinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewafanya wahitimu wapokee asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda wa utumishi wao. Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Wengi waliruhusiwa kurejea masomoni baadaye. Lakini hakuishia hapo. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba.

Hapa ndipo watahiniwa wengi hukosea: huandika kwamba malipo hayana maana. Soma upande wa pili. Katika vijiji vya ujamaa, shamba la pamoja mara nyingi lilizaa kidogo, huku mashamba ya kaya yakipaliliwa vizuri. Aliyelima sana na aliyelima kidogo waliona mgawo wao haupishani sana, na bei ya mazao ilikuwa ndogo. Mwaka 1977, alipotathmini miaka 10 ya Azimio, Nyerere mwenyewe alikiri kuwa kilimo hakikufikia matarajio. Ari iliyomtosha yeye haikuweza kuamriwa kwa watu wote.

Sasa rudi Gitting. Mwenye shamba hapalilii kwa mapenzi matupu; anajua mavuno ni yake. Na kibarua akipunjwa ujira, hata ari aliyokuwa nayo hufa. Malipo ya haki hulinda moyo wa kazi, lakini hayawezi kuuzaa pale usipokuwapo.

Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Nawe pia, huenda mzazi amekuahidi simu ukipata daraja la kwanza. Ipokee kwa shukrani, lakini jiulize: simu ikishapatikana, utafungua tena kitabu?

Maswali ya kujipima

1. Taja matukio matatu yanayoonesha motisha ya ndani katika maisha ya Nyerere.
2. Kwa nini shamba la pamoja lilizaa kidogo kuliko la kaya? Toa sababu mbili.
3. "Malipo mazuri pekee hujenga mfanyakazi bora." Jadili.